Mahali Sitiari Inapokoma: Lugha ya Vitabu vya Fizikia na Falaki Vilivyoandikiwa Umma

Utangulizi

Vitabu vya fizikia na falaki vinavyoandikiwa umma aghalabu huhakikiwa na wanasayansi wenyewe, na swali linalotawala uhakiki huo ni iwapo yaliyomo ni sahihi. Swali hilo ni la haki, lakini halitoshi. Mwandishi wa kitabu cha aina hii anapoiondoa hisabati, haachi pengo. Mahali palipokuwa na mlinganyo huweka sitiari, tashbihi, kisa au mhusika. Msomaji asiyejua hisabati hana njia nyingine ya kuifikia nadharia ila kwa nyenzo hizo, nazo ni nyenzo za kifasihi. Kwa hivyo namna zinavyofanya kazi ni suala linalomhusu mhakiki wa fasihi sawa na linavyomhusu mwanafizikia.

Utanzu huu una historia ndefu. Mwaka 1632 Galileo alichapisha hoja zake kuhusu mwendo wa dunia kwa Kiitaliano badala ya Kilatini, akazigawa kwa wahusika watatu wanaojibizana. Mwaka 1686 Fontenelle, nchini Ufaransa, alimchora mwanafalsafa akiwa bustanini usiku, akimsimulia bibi wa tabaka la juu habari za sayari na nyota. Tangu hapo kila mwandishi wa utanzu huu amelazimika kumbuni msomaji kabla ya kumweleza lolote. Steven Weinberg, katika The First Three Minutes (1977), anatamka wazi kuwa anamwandikia msomaji aliye mfano wa wakili mzee: fizikia haijui, ila hakubali jambo bila hoja.

Makala haya yanashikilia kuwa ubora wa vitabu hivi haupimwi kwa wingi wa sitiari zake wala kwa uzuri wake. Kipimo ni iwapo mwandishi humwonyesha msomaji mahali sitiari inapokoma. Pasipo mpaka huo, msomaji hubaki na picha asiyojua ni ipi sehemu yake iliyo nadharia na ni ipi iliyo pambo.

Meza mbili za Eddington

Arthur Eddington, mwanafalaki aliyesafiri hadi kisiwa cha Príncipe mwaka 1919 kupima kupinda kwa nuru ya nyota wakati wa kupatwa kwa jua, anakifungua kitabu chake The Nature of the Physical World (1928) kwa meza mbili. Ya kwanza ni meza ya kila siku: ina rangi, ni ngumu na hudumu. Ya pili ni meza ya kisayansi: takriban yote ni uwazi mtupu, na ndani ya uwazi huo chembe za umeme hupita kwa kasi kubwa. Kisha anadai kuwa fizikia imemthibitishia kwamba meza ya pili ndiyo pekee iliyopo kweli.

Athari ya ufunguzi huo kwa msomaji ni kubwa, na chanzo chake ni mbinu ya usambamba. Nomino ni moja, idadi ni mbili. Kwa hivyo meza hizo zinalazimika kushindana, na moja sharti ishindwe. Lau Eddington angalisema kuwa ipo meza moja yenye maelezo mawili, mashindano yangalitoweka, na pamoja nayo dai kwamba meza anayoiegemea mtu si ya kweli. Dai hilo halikuzaliwa na kipimo chochote cha maabara. Lilizaliwa na neno "mbili".

Udhaifu huu uliwekwa wazi na Susan Stebbing, aliyekuwa profesa wa falsafa katika Bedford College, London, katika Philosophy and the Physicists (1937). Hoja yake kuu ilihusu neno "gumu". Watu hujifunza maana ya neno hilo kwa vitu kama ubao wa sakafu. Ikisemwa kuwa ubao wenyewe si mgumu, neno linapoteza mfano uliolipa maana, na kauli nzima inakosa mashiko. Hoja ya Stebbing ni ya kilugha, na mwanaisimu wa Kiswahili hatapata tabu kuikubali. Ugumu wa ubao hujulikana kwa kupambanuliwa na ulaini wa uji. Atomu zinaweza kueleza kwa nini ubao ni mgumu na uji ni laini. Haziwezi kuufuta upambanuzi huo, kwa kuwa ndio uliohitaji kuelezwa.

Ikumbukwe kuwa Stebbing hakupinga fizikia ya Eddington. Alichopinga ni sitiari kuvuka mpaka wake bila kutangaza, ikaingia upande wa ithibati. Kosa la aina hii haligunduliki kwa kukagua hesabu, maana hesabu zote huenda ni sahihi.

Ndoto ya Gamow na mishale ya Feynman

George Gamow alilikabili tatizo hilo kwa njia ya ubunifu wa wazi. Mhusika wake, Bwana Tompkins, ambaye visa vyake vilianza kuchapishwa mwishoni mwa miaka ya 1930, ni karani wa benki anayekwenda kusikiliza mhadhara juu ya uhusianifu, usingizi ukamchukua, akaota. Katika ndoto hiyo nuru husafiri polepole mno, hivi kwamba mwendesha baiskeli mtaani anaonekana amebanwa na kuwa mwembamba. Hata herufi za mwanzo za majina ya Tompkins, C, G na H, ni alama ambazo wanafizikia hutumia kwa kasi ya nuru, kwa nguvu ya uvutano na kwa kiwango cha Planck.

Ndoto hapa ni zaidi ya pambo. Ni fremu ya usimulizi inayomwarifu msomaji kuwa analoliona limekuzwa makusudi. Umuhimu wa fremu hiyo ulidhihirika baadaye. Mwaka 1959 James Terrell na Roger Penrose, kila mmoja kivyake, walionyesha kuwa kitu kiendacho kwa kasi inayokaribia ile ya nuru hakingeonekana kwa macho kimebanwa hivyo, kwa sababu nuru inayofika jichoni kwa pamoja huwa imeziacha sehemu zake mbalimbali kwa nyakati tofauti. Kubanwa kunakotajwa na nadharia ni jambo la kupima, na kuona ni jambo jingine. Picha ya Gamow ilikuwa na kasoro, lakini aliyeisoma kama ndoto hakuwa ameahidiwa zaidi ya ndoto.

Richard Feynman alichukua njia ngumu zaidi katika QED (1985). Anamtaka msomaji achore mishale. Kila njia ambayo nuru yaweza kupita ina mshale wake. Mishale huunganishwa kichwa kwa mkia. Urefu wa mshale wa mwisho ukizidishwa kwa wenyewe hutoa uwezekano wa tukio. Kwa kanuni hiyo anaeleza jambo ambalo kila mtu ameliona kwenye kioo cha dirisha: uso mmoja wa kioo huakisi takriban asilimia 4 ya nuru, ilhali nyuso mbili kwa pamoja huweza kuakisi kiasi chochote kati ya 0 na asilimia 16, kutegemea unene wa kioo.

Feynman anasisitiza kuwa mishale hiyo si mfano wa kitu kingine. Kuijumlisha ndiko kazi yenyewe ya mwanafizikia. Tofauti ni kwamba mwanafunzi wa chuo hutumia miaka akijifunza kuifanya haraka. Analinganisha hali hiyo na makuhani wa Maya waliohesabu mizunguko ya Zuhura: kutoa na kujumlisha kwaweza kuelezwa kwa kuhesabu punje chunguni, hata kama kuhani alikuwa na mbinu za haraka. Kitabu hiki hakina haja ya kuonyesha mwisho wa sitiari, kwa kuwa katika kiini chake hakuegemea sitiari. Gharama yake ni kuwa msomaji hufanya kazi, na wengi huchoka njiani.

Hawking na wakati wa kufikirika

A Brief History of Time (1988) cha Stephen Hawking kilisomwa kuliko vyote vilivyotajwa hapa. Nakala zilizouzwa zimepita milioni 10. Mwandishi anaeleza katika shukurani zake kuwa alionywa kwamba kila mlinganyo ungepunguza mauzo kwa nusu, akabakisha mmoja tu, ule wa Einstein. Uamuzi huo wa kibiashara ulikuwa pia uamuzi wa kifani: tangu hapo mzigo wote uliangukia sitiari.

Mara nyingi mzigo huo unabebwa vyema. Akieleza kutanuka kwa ulimwengu, Hawking anatumia puto lenye madoa linalojazwa hewa, na papo hapo anaonyesha lile analolitaka: hakuna doa lililo kitovu cha kutanuka. Hata hivyo hakamilishi mpaka. Madoa yaliyochorwa kwenye puto hutanuka pamoja nalo, ilhali galaksi hazitanuki, kwa kuwa uvutano wake wenyewe huzishika. Kasoro hii ni ndogo na msomaji makini huweza kuivuka.

Kubwa zaidi ni suala la wakati anaouita wa kufikirika. Mwanzoni Hawking anautambulisha kama nyenzo ya hisabati ya kurahisisha hesabu. Baadaye, anapopendekeza ulimwengu usio na ukingo wala mwanzo, anadokeza kuwa huenda wakati huo ndio wa msingi, na huu unaoitwa halisi ukawa zao la fikra za binadamu. Nyenzo imegeuka kuwa dai juu ya uhalisi. Kwa insafu, ni lazima isemwe kuwa Hawking anakiri kuwa hilo ni pendekezo tu. Anaongeza pia kuwa nadharia ni kielezo cha hisabati, na kwamba kuuliza ni wakati upi ulio halisi hakuna maana. Lakini ikiwa swali halina maana, dokezo lililotangulia nalo halina, na ndilo ambalo msomaji hulikumbuka. Umbali kati ya ukurasa huo na meza mbili za Eddington si mkubwa.

Suala la Kiswahili

Mjadala huu una uzito wa pekee kwa Kiswahili. Nchini Kenya fizikia hufundishwa kwa Kiingereza. Atakayekutana na nadharia hizi kwa Kiswahili, nje ya darasa, yamkini hatakuwa na mlinganyo wa kumsahihisha. Atakuwa na istilahi ya mfasiri pekee.

"Shimo jeusi" ni tafsiri ya jina lililoenezwa na John Wheeler kuanzia mwaka 1967. Shimo kwa Kiswahili huchimbwa, na kwa kawaida lina kuta na chini yake. Tundu nalo hupenya hadi upande wa pili. Hakuna lolote kati ya maneno hayo linalosema kuwa kinachozungumziwa ni maada iliyojikunja kwa uvutano wake hadi nuru isiweze kutoka. "Mlipuko Mkuu" una tatizo jingine. Fred Hoyle alilibuni jina la Kiingereza katika kipindi cha redio ya BBC mwaka 1949, hali akiipinga nadharia hiyo. Mlipuko hutokea mahali fulani na kurusha vipande katika nafasi iliyokuwapo. Nadharia yasema kuwa nafasi yenyewe hutanuka. Neno "mtanuko" lingekuwa karibu zaidi na hisabati, ijapokuwa halina kishindo.

Kuna mfano wa upande wa pili. Tarehe 12 Desemba 1970 setelaiti ya kwanza iliyotengwa kwa falaki ya eksirei ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, katika bahari ya karibu na Malindi, ikapewa jina la Uhuru kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. Vipimo vyake vilisaidia kukifanya chanzo kiitwacho Cygnus X-1 kishukiwe kuwa shimo jeusi, na ni juu ya chanzo hichohicho Hawking anasimulia kuwa aliwekeana dau na Kip Thorne. Jina "Uhuru" limo katika historia ya fizikia bila kumpotosha yeyote, maana halijidai kueleza chochote. Jina "Kilimia" nalo hufungamanisha kundi la nyota na msimu wa kulima, wala halidai kusema nyota hizo ni nini. Hatari huanza pale jina linapojifanya maelezo.

Hitimisho

Haipendekezwi hapa kuwa "shimo jeusi" liachwe. Limekwisha kuzoeleka, na istilahi iliyozoeleka haiondolewi kwa amri. Kinachotakiwa ni mfasiri na mwandishi wa Kiswahili kuitambulisha kila sitiari pamoja na mpaka wake inapotajwa kwa mara ya kwanza: shimo hili halina kuta, puto hili halina ndani, mlipuko huu hauna mahali. Sentensi moja ya namna hiyo hutosha. Nayo idara ya fasihi, ambayo imewafunza wanafunzi wake kuuliza sitiari inafanya kazi gani katika shairi, haina sababu ya kunyamaza inapoikuta sitiari hiyohiyo ikifanya kazi ya ithibati katika kitabu cha fizikia.