HATIA, KOSA NA LAWAMA: ISTILAHI ZA MAHAKAMA KATIKA RIWAYA

Riwaya ya mahakamani ina deni kubwa kwa lugha kuliko riwaya nyingine. Katika hadithi ya mapenzi neno likipwaya kidogo, msomaji hulisamehe akasonga mbele. Katika hadithi ya kesi, neno lilo hilo likipwaya, haki yenyewe hupinduka. Makala haya yanakusudia kulipima neno moja, nalo ni hatia, na kuonyesha jinsi linavyowasumbua wafasiri na walimu wanapokabiliana na riwaya zenye siri za jamaa, ambamo mwema na mwovu hawatengani kwa urahisi.

Mfano wa kwanza tulio nao ni Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951. Mwandishi huyu alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, na kitabu chake karibu chote ni kesi moja. Karama anashtakiwa kwa sababu anataka elimu ya sheria ifundishwe nchini. Waziri Majivuno ndiye mshtaki. Na utetezi wa Karama ni habari za wajumbe sita waliotumwa na nchi yao, kisha wakaadhibiwa nayo. Hapa istilahi hazimsumbui msomaji. Mshtakiwa ni mwema, mshtaki ni mwenye kiburi, na Karama anapofunguliwa kila mtu anajua kwamba hakuwa na hatia hata kidogo. Sheria na maadili vimetoa jibu moja. Huo ndio uzuri wa Kusadikika, na ndio mpaka wake pia.

Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, haitupi faraja hiyo. Zakaria anamlea binti yake kwa ukali. Rosa anapotoka katika ulinzi huo anapotea. Yaliyofichwa yanapomfikia mchumba wake, uchumba unavunjika, naye Rosa anajiua. Nani alaumiwe? Tukitumia neno hatia peke yake hatuwezi kujibu. Zakaria anastahili lawama, lakini lawama si kosa la jinai. Rosa ametenda yanayoitwa dhambi na watu wa dini yake, lakini dhambi haina kifungu katika sheria. Lugha yetu ina maneno manne kwa mambo manne: kosa ni tendo lililokatazwa, hatia ni hali ya aliyethibitishiwa kosa, dhambi iko baina ya mtu na Mungu, na lawama hutolewa na jamaa na majirani. Mwalimu anayeyachanganya humnyima mwanafunzi ufunguo wa riwaya.

Ugumu unatoka katika asili ya neno lenyewe. Hatia limetokana na Kiarabu, ambamo maana yake ni kosa na dhambi pamoja, na harufu hiyo ya dhambi haijatoka. Kwa hiyo tunaposema "hana hatia" twasema mambo mawili kwa pumzi moja: kwamba mahakama haikumwona mkosaji, na kwamba yeye ni safi. Mahakama ya jinai haina uwezo wa kusema hilo la pili. Kazi yake ni kuuliza kama upande wa mashtaka umethibitisha shtaka bila kuacha shaka ya maana. Shaka ikibaki, mshtakiwa huenda zake, hata kama hakimu mwenyewe rohoni hakuridhika. Riwaya nyingi za namna hii husimama papo hapo: mtu ameachiwa huru, na mkewe mezani hajui kama anamwandalia chakula mwuaji. Mfasiri akiandika "hana hatia" amekwisha kuitoboa siri ambayo mwandishi aliihifadhi. Kumbe lugha inayo njia nyingine, nayo ni "hakupatikana na hatia". Tofauti ni ndogo kwa sikio, kubwa kwa maana.

Wala jambo hili si la vitabuni tu. Tutazame Handeni na Korogwe. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1984 ilikifanya Kiswahili lugha ya Mahakama za Mwanzo, bali katika mahakama za wilaya hukumu iliandikwa kwa Kiingereza. Shahidi alisema kwa Kiswahili, hakimu akaandika kwa Kiingereza, kisha uamuzi ukaelezwa tena kwa Kiswahili. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili lugha ya sheria na ya mahakama. Basi hatuwezi tena kuisingizia lugha ya kigeni ikiwa mtu wa Handeni atarudi kijijini akiitwa mhalifu kabla ya kuhukumiwa, au akiitwa "aliyeachiwa huru" hali shtaka limeondolewa tu na laweza kuletwa tena kesho.

Katika mambo ya jamaa uangalifu unatakiwa zaidi. Wazigua wa Handeni kwa desturi ya kale walihesabu ukoo kwa upande wa mama. Wasambaa wanaopakana nao Korogwe huhesabu kwa baba. Tuseme riwaya ya kigeni inajengwa juu ya siri ya nani aliyemzaa mtoto. Siri hiyo haina uzito mmoja katika nyumba hizo mbili, kwa kuwa katika moja mtoto ana ukoo kamili hata baba asipojulikana. Mfasiri anayekimbilia "mwana wa haramu" ametoa hukumu ambayo wazee wengine wasingeitoa. "Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa" hueleza hali, na kumwachia msomaji kuhukumu. Hapa waunda istilahi wanastahili sifa kwa neno vinasaba: limechukua nasaba, neno la ukoo, likalipa kazi ya maabara. Sheria ya Mtoto ya 2009 ilipoiruhusu mahakama kuamuru kipimo cha uzazi, lugha ilikuwa na neno linaloeleweka mahakamani na barazani pia.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba "hakupatikana na hatia" litumike kwa uamuzi wa mahakama. "Hana hatia" liachwe kwa mtu anayejitetea au anayetetewa. "Mtuhumiwa" awe yule ambaye bado hajafikishwa mbele ya hakimu, na "mshtakiwa" yule aliyekwisha kusomewa shtaka. Waandishi wasidhani kwamba mipaka hii itawafunga mikono. Anayetaka kuandika juu ya mtu ambaye sheria imemwacha lakini jamaa haikumwacha, atahitaji maneno mawili yasiyofanana kwa mambo hayo mawili. Na Kiswahili kinayo.