Pongezi kwa Walinzi wa Moto wa Sao Hill

Katika wilaya ya Mufindi, mkoani Iringa, ambako misonobari na mikaratusi ya Sao Hill, shamba la miti lililo kubwa kuliko yote ya serikali ya Tanzania, imetanda vilimani, wako watu ambao kazi yao ikifanywa barabara haionekani, na kwa sababu hiyo aghalabu hawashukuriwi: nao ni walinzi wa moto.

Kabla kiangazi hakijakaza, hushika majembe na mafyekeo wakasafisha barabara za moto, yaani ile mikanda ya ardhi tupu inayotenga kitalu na kitalu, wakikwangua majani hata udongo ubaki wazi, kwani unyasi mkavu ulioachwa ukikatiza ukanda watosha kuuvusha mwali upande wa pili. Kisha hupanda minarani, wakakaa kutwa wakiutazama upeo, ili wapate kuupambanua moshi wa jikoni na moshi wa msitu.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imeuwekea mipaka uchomaji wa majani, nami naiona ni sheria ya haki. Lakini wanaoifikisha vijijini ni hao hao, wakimsihi mkulima asisafishe shamba kwa kiberiti wakati wa pepo kali, na taadhima yao kwake, naamini, huokoa miti mingi kuliko faini.

Basi ewe jirani wa msitu, kabla hujawasha, omba idhini, uwaarifu majirani zako, na uuzime moto wako hata jivu lipoe.