Swali la Mpemba

Mtaje Mpemba hapa Darajani, watu watadhani unamsema mtu wa Pemba. Huyu ni Erasto, mwanafunzi wa Magamba, Tanganyika, ambaye mwaka 1963 aliona maziwa ya moto ya aiskrimu yakiganda kabla ya yaliyopoa. Alipouliza kwa nini, alichekwa. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia Dar es Salaam, yeye alikwenda kupima. Uzuri wa makala yao ya 1969 ni kwamba haifichi kicheko kile, wala fundi wa maabara aliyeona maji ya moto yakitangulia kuganda, akaahidi kurudia mpaka apate jibu sahihi. Jamani, fundi yule si ndiye sisi? Wanafizikia wanabishana hadi leo, lakini bila swali lile ubishi usingeanza upya.