Usawiri: Nani Huchongwa, Nani Huachwa?

Mwalimu, mtahiniwa anapoandika kuwa mhusika fulani "amesawiriwa kama kiongozi dhalimu", huwa amejibu nusu ya swali. Kusawiri ni kutia sura, na sura haitiwi bure: pana aliyeagiza, aliyegharamia na aliyeachwa nje.

Wewe uliyeko Dabaso huna haja ya kwenda mbali. Vitazame vigango vya Wagiriama. Mwanachama wa Gohu alipokufa, alichongewa kigango: mti mrefu wenye kichwa cha mviringo na kiwiliwili kilichonakshiwa pembetatu. Kuingia Gohu kulidai mali na karamu. Asiyekuwamo aliwekewa kijiti kifupi kisicho na nakshi. Hapo ndipo mamlaka yanapojitokeza, wala si katika kufanana, kwani kigango hakifanani na marehemu hata kidogo, ilhali kwa jamaa zake ndiye yeye. Husemeshwa na kumiminiwa tembo. Mwaka 1985 Kalume Mwakiru, wa upande wa Kaloleni, aliibiwa vigango viwili vya nduguze. Vilikuja kuonekana katika makavazi mawili ya Marekani, na mwaka 2007 kimoja kikarejeshwa kwa familia. Makavazini kilikuwa sanaa. Nyumbani kilikuwa mtu.

Linganisha na noti zetu. Katiba ya 2010, kifungu cha 231(4), inakataza picha ya mtu yeyote kwenye pesa. Noti za 2019 zikaja na jumba la KICC, pamoja na sanamu ya Jomo Kenyatta iliyo hapo. Kesi ikafika Mahakama Kuu, nayo ikaamua kuwa hiyo si picha ya mtu. Kinachofanana naye kikahesabiwa si yeye! Kwa maoni yangu, uamuzi huo ungezua mjadala mzuri darasani kuliko fasili yoyote ya taswira.

Basi umpatapo mtawala katika riwaya au tamthilia, uliza ni nani anayemchora: msimulizi, vibaraka wake, au yeye mwenyewe kwa picha aliyoitundika ukutani? Mpishi na mlinzi wasiopewa majina ndio kile kijiti kifupi. Mtahiniwa aonyeshe, kwa mifano mahususi kutoka matinini, iwapo mwandishi anakubali ngazi hiyo au anaikejeli. Wengi huishia kuorodhesha sifa tano na kuzipigia mstari.