Kutangulia Si Kufika

Katika bonde la Spiti, kaskazini mwa India, anayeongoza msafara wa pikipiki hupimwa kwa yule anayefika wa mwisho. Wa mwisho akifika salama, amechoka lakini moyo umetulia, kiongozi ameifanya kazi yake. Asipofika, haijalishi wenzake wamekwisha kunywa chai na kuvua mabuti: kazi bado iko barabarani. Wahenga wetu walisema kutangulia si kufika. Huko milimani nimewaona watu walioufanya usemi huo kuwa kanuni ya kazi, na ufundi wao unastahili kusifiwa kwa sauti.

Tulikwenda marafiki kutoka Dar es Salaam, watu waliozoea utelezi wa Njombe wakati wa masika na vumbi la Dodoma wakati wa kiangazi. Tulijua kuendesha. Tusichokijua ni mahali, na mahali pale hapasomeki kwenye ramani. Barabara iliyokuwa wazi jana inaweza kuwa imefunikwa na mawe leo. Kijito kinachovukwa kwa urahisi asubuhi hugeuka mto ifikapo alasiri. Hata hewa yenyewe hupungua kadiri unavyopanda, na injini huanza kukohoa sawa na mwenye nayo.

Ufundi wa kiongozi wetu, mzaliwa wa milima hiyo, ulianza kabla hatujawasha pikipiki: alichagua njia ndefu. Kutoka Delhi, njia ya mkato hupita Manali, mji ulio kama mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ukitoka hapo alfajiri, unaweza kuvuka kipito cha mlima cha Kunzum La siku hiyohiyo, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 4,500. Mtu aliyetoka Kariakoo juzi akipandishwa kwa kasi hiyo, kichwa kitamgonga, chakula hakitakaa tumboni, na akili anayoihitaji kwenye kona itamponyoka. Kwa hiyo tulianzia Shimla, tukafuata korongo la mto Sutlej ambako barabara imechongwa ubavuni mwa jabali, tukapanda Kinnaur kidogo kidogo, tukalala Nako, kisha Tabo, ndipo tukaingia mji wa Kaza. Waongozaji wa Kilimanjaro wanaijua hekima hii. Kaza iko kwenye mwinuko unaokaribiana na ule wa kituo cha Horombo, na mwili una sheria moja huku na kule: uupe muda, utakubeba.

Halafu kulikuwa na somo la kila asubuhi, lisilopewa jina la somo. Alizunguka kila pikipiki, akabonyeza tairi, akavuta cheni kwa kidole, akagusa spoki. Kwenye changarawe na mawe hupunguzwa upepo ili tairi lishike ardhi, lakini ukiupunguza kupita kiasi jiwe lenye ncha litaibana tyubu kwenye rimu na kuitoboa. Kipimo hakiwi kimoja kwa wote: mnene na mwembamba, mwenye mizigo na asiye nayo, kila mmoja alipewa upepo wake. Alituhimiza kusimama juu ya vikanyagio kila barabara inapoharibika, magoti yakilibana tangi na mikono ikiwa milegevu, ili pikipiki icheze chini yetu bila kututikisa. Na macho yasiangalie jiwe unaloliogopa, yaangalie unakotaka kwenda. Pikipiki tulizopanda zina uzito wa karibu kilo 200. Ukishindana nazo kwa nguvu, utachoka kabla ya chakula cha mchana.

Lakini kilichonifanya niuheshimu ufundi huu kuliko vyote ni namna msafara unavyopita njia panda. Kiongozi akifika hapo humsimamisha anayemfuata mahali anapoonekana vizuri, akamwonyesha uelekeo, kisha yeye akaendelea. Aliyesimamishwa hubaki hapo akiwaelekeza wote wanaopita, mpaka amwone mfunga msafara, yaani msaidizi anayekaa nyuma siku nzima. Ndipo naye anaondoka, mbele ya huyo mfungaji. Kwenye njia panda inayofuata husimama mwingine. Utaratibu huu hauhitaji simu wala mtandao, na katika mabonde yale mtandao ni wa kubahatisha. Unahitaji jambo moja tu: ukishawekwa, usiondoke, hata ikipita saa nzima bila mtu kutokea.

Tazama kinachotokea hapo. Mwenye mwendo wa taratibu hana sababu ya kujilazimisha kuwakimbiza wenzake, kwa kuwa anajua hakuna kona atakayoikuta haina mtu. Mwenye kasi naye, ambaye nyumbani angetuacha wote na kujisifu jioni, hujikuta amesimama kwenye upepo chini ya nyumba ya watawa ya Key, akihesabu kofia ngumu za rafiki zake zikipanda moja moja. Nimewaona vijana wa mashindano wakigeuka walinzi kwa njia hii, bila hotuba na bila karipio. Kiongozi asiye na ufundi hujibebesha usalama wa kila mtu, akageuka nyuma kila dakika na mwishowe akaanguka yeye. Kiongozi fundi huugawa usalama huo, kila mmoja akashika kipande chake.

Maji nayo yana elimu yake. Vijito vya huko hulishwa na theluji na barafu inayoyeyuka. Usiku wa baridi huvipunguza, jua la mchana huvijaza. Ndiyo maana kabla ya kuvuka Kunzum La tulilala Losar, kijiji cha mwisho upande wa Spiti, tukaondoka kukiwa bado na giza. Juu ya mlima tulilizunguka hekalu lililo hapo kama wasafiri wote wanavyofanya, kisha tukateremka Batal na kuingia katika kipande kigumu kuliko vyote, kuelekea Chhatru kando ya mto Chandra. Ni mawe ya mviringo, mchanga, na maji yanayokatisha barabara. Kimojawapo cha vijito hivyo madereva wa huko wamekiita kichaa. Kiongozi alishuka, akavuka kwa miguu kwanza, maji ya barafu yakimfika magotini. Alikuwa akiyasoma: penye uso laini na mweusi pana kina, penye viwimbi vidogo pana changarawe na kina kifupi. Kisha akasimama mlemle majini, akanyoosha mkono kuonyesha mstari wa kupita, akabaki hapo mpaka wa mwisho wetu alipotoka upande wa pili. Gia ya chini, mafuta yasiyopanda wala kushuka, macho kwenye ukingo wa mbele. Hakuna aliyekuwa mkavu kuliko yeye kabla hatujafika pale, na hakuna aliyelowa kuliko yeye tulipoondoka.

Nyuma kabisa, pamoja na mfunga msafara, lilikuja gari la fundi, limebeba tyubu, nyaya za klachi, vishikio vya breki na mapipa ya mafuta. Fundi huyo alikuwa hapigi kelele wala hataki kusifiwa. Pikipiki ikizama majini, jambo la kwanza alilotufundisha ni kutobonyeza stata, maana injini ikinyonya maji itajivunja yenyewe. Toa plagi kwanza, zungusha injini maji yatoke, kausha, ndipo ujaribu. Maarifa ya aina hii ni machache kwa maneno na makubwa kwa thamani.

Zaidi ya pikipiki, kiongozi husoma watu. Jioni huuliza nani amekula nini. Humfuatilia aliyenyamaza ghafla, kwa kuwa kule juu ukimya wa mtu mchangamfu huenda ukawa ndio mwanzo wa ugonjwa wa mwinuko, na dawa yake ya hakika ni kumteremsha. Anahitaji ujasiri wa kuwaambia watu waliolipa pesa nyingi kwamba leo hatupandi. Anatufundisha pia adabu ya ugeni: ukipita penye mnara wa Kibuddha, uuache upande wako wa kulia. Huko Tabo alitufanya tuzime injini mbali na hekalu lililojengwa mwaka 996, tukaingia kwa miguu. Katika kijiji cha Langza alituonyesha viumbe wa bahari waliogeuka mawe, mabaki ya bahari iliyokuwapo kabla bara Hindi halijagongana na Asia, akatukataza kuondoka na hata kimoja. Sisi wa pwani tuliyashika yale mawe tukayarudisha chini.

Wapo wanaoona kuongozwa ni kupunguziwa uhuru, kwamba mwanamume au mwanamke wa kweli wa pikipiki huenda peke yake. Siwadharau. Ila nilichokiona Spiti ni kinyume chake: kila mmoja wetu aliuendesha mlima kwa mikono yake mwenyewe, akaanguka na kuinuka mwenyewe, akapata nafasi ya kutazama theluji na si kutazama hatari peke yake. Hofu ikishapewa mtu anayejua kuibeba, uhuru huongezeka.

Kwa hiyo ukitafuta msafara wa namna hii, nje au hapa kwetu, usianze kwa kuuliza aina ya pikipiki wala hoteli. Muulize kiongozi ni nani anayekaa nyuma, na atafanya nini huyo wa nyuma akichelewa. Atakayekujibu kwa mambo ya mwendo, mshukuru na uendelee kutafuta. Atakayekueleza habari za njia panda, saa za maji na jina la mfunga msafara wake, huyo mlipe na umfuate.