Kitabu Kilichotoka Kashani

Mwaka 1923, katika kiwanda cha chapa jijini Berlin, fundi wa Kijerumani alisimama mbele ya kasha la herufi na mchoro wa El Lissitzky. Msanii huyu kutoka Urusi alikuwa amesomea usanifu majengo Darmstadt. Maneno ya kitabu yalikuwa ya mshairi Vladimir Mayakovsky, mashairi 13 ya kusomwa kwa sauti. Fundi hakujua Kirusi.

Hakukuwa na kalamu wala brashi. Kila umbo lilitoka kashani: herufi za risasi, na vile vipande vyembamba vya kupigia mistari ya majedwali. Fundi aliokota herufi mojamoja, kila moja imegeuzwa kama ionekanavyo kwenye kioo, akaiweka palipoonyeshwa. Mstari mnyoofu alikuwa ameuzoea. Hapa maneno yalikwenda mshazari, na risasi haisimami mshazari bila egemeo. Kila pengo, hata la unene wa ukucha, huzibwa kwa vipande vifupi visivyofikia wino, mpaka ukurasa mzima ukabane ndani ya fremu ya chuma. Weupe unaoonekana kama nafasi tupu umejaa risasi chini yake. Herufi kubwa nyingine ziliungwa kwa vipande vya mistari, kama seremala anavyounga mbao.

Kisha rangi mbili, nyeusi na nyekundu. Kila rangi ina mpigo wake. Karatasi ikihama upana wa uzi tu, umbo limevunjika.

Ukingoni kurasa zilikatwa ngazi kama daftari la majina, kila ngazi na alama yake, msomaji aliye jukwaani afungue shairi kwa kidole gumba. Hapo ndipo ninapokipenda zaidi kitabu hiki: ustadi wote ule unamtumikia mtu anayetafuta ukurasa.

Mwaka 1925 Jan Tschichold, kijana wa Leipzig, alihariri toleo maalumu la jarida la wachapaji lenye kazi za Lissitzky ndani yake. Mwaka 1928 akatoa kitabu chake cha uchapaji mpya. Mshazari na weupe vikawafikia mafundi wa kawaida.

Kule kiwandani Berlin, mwanzoni mafundi walidhani wateja wao wana wazimu. Kazi ilipokolea, wakaomba watafsiriwe mashairi waliyokuwa wakiyapanga.