Kuhamisha au Kubebesha? Istilahi Moja ya Kompyuta

Katika kusoma tafsiri za maandishi ya kompyuta tumeona dhana moja inayopewa neno lisiloistahili. Dhana yenyewe ni hii: mfumo wa uendeshaji uliotungwa kwa mashine ya aina moja hurekebishwa ili ufanye kazi katika mashine ya aina nyingine. Neno linalomjia mfasiri upesi ni kuhamisha. Sisi hatuliafiki, kwa sababu mbili.

Kwanza, kilichohamishwa hakipo tena kilipokuwa; lakini mfumo huu hubaki kule, ukaota na huku. Pili, neno hilo limekwisha kushika kazi ya kutoa faili mahali pamoja na kulitia pengine. Mwanafunzi akiambiwa ahamishe mfumo, atahamisha mafaili, kisha atastaajabu mashine isipoitika.

Tuchukue mfano wa CP/M, mfumo uliobuniwa Marekani na Gary Kildall mwaka 1974, mwaka uleule ambao Serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Kwa ufupi, mfumo huo ulikuja kugawanywa mara mbili. Sehemu ya juu, inayopokea amri na kutunza mafaili, haikubadilika. Sehemu ya chini, iitwayo BIOS, inayohusiana na kibodi, skrini na diski, iliandikwa upya kwa kila aina ya mashine. Hivyo CP/M iliingia hata katika kompyuta za nyumbani, kama vile Amstrad CPC 6128 ya mwaka 1985. Commodore 128 ya mwaka huohuo ilipewa prosesa ya pili, Z80, kwa kuwa ile ya kwanza haikuwa ya jamii inayofahamu CP/M. ZX Spectrum ya mwaka 1982 ilikuwa na Z80, lakini kilobaiti 16 za mwanzo za kumbukumbu yake zilikuwa za kusomwa tu, na hapo ndipo CP/M ilipotaka kuandika. Ni toleo la +3 la mwaka 1987 lililoweza kuipokea.

Sasa tupande kutoka Moshi hadi mashamba ya kahawa ya Kilimanjaro. Mkulima huchukua kikonyo cha aina bora, akakiunga juu ya shina jingine na kukifunga. Mti uliotoa kikonyo hubaki shambani. Kikonyo hakishiki ila kwenye shina la jamii yake, na ustadi wote umo katika kiungo. Kazi hiyo huitwa kubebesha. Je, kuna jambo katika habari ya CP/M lisilokuwamo humo?

Wapo watakaopendelea kupandikiza. Lakini neno hilo madaktari wanalo, na figo iliyopandikizwa imekwisha kumtoka mwenyewe. Wengine watasema kubebesha kunanuka mzigo na lawama. Hoja hii ina uzito. Hata hivyo, muktadha hutenganisha maana, na hakuna karani anayekiogopa kipanya cha mezani kwake.

Twapendekeza, basi, kubebesha mfumo kwa tendo, shina kwa mashine inayopokea, na kiungo kwa sehemu inayoandikwa upya. Walimu na wayajaribu darasani kabla hayajasanifiwa. Wanafunzi wakielewa bila kufafanuliwa mara mbili, mkulima atakuwa ametuondolea kazi. Wasipoelewa, tutarudi mezani bila haya.